Kamera ya Macho Mawili

Kamera niliipata kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa akifunga studio yake mjini Kigoma, upande wa juu wa stesheni. Wateja wake walikuwa wamebaki wale wa pasipoti tu, na hao nao walianza kujipiga wenyewe. Nilikwenda kumhoji. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kukusanya habari za mkoa kwa ajili ya redio, na studio ya mwisho ya mtaa inapofungwa, hiyo ni habari. Nilitoka pale na dakika nne za sauti na mkoba wa ngozi wenye kamera.

Ilikuwa kamera ya aina ambayo vijana wengi hawajaiona: kisanduku kinachosimama wima, chenye lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Huiweki jichoni. Unaining'iniza shingoni, unafungua kifuniko cha juu na kuinama kama mtu anayechungulia kisima. Kule chini, kwenye kioo cha mraba kisichozidi kiganja cha mtoto, unamwona mtu aliyesimama mbele yako. Inatumia mkanda mpana unaotoa picha kumi na mbili tu.

"Jicho la juu linaona," fundi huyo wa picha aliniambia, akigonga lenzi moja baada ya nyingine kwa ukucha. "Jicho la chini linaandika. Hayo mawili hayajawahi kukubaliana hata siku moja. Kazi yako ni kuyapatanisha."

"Lakini ni nzima?"

"Haijafa. Imenuna. Ina miaka kumi na moja haijaguswa. Hata wewe ungenuna."

Aliniongezea mikanda mitatu iliyokwisha muda wake. Alikuwa ameihifadhi kwenye friji, pamoja na samaki wake, migebuka, na ilinuka hivyo.

Sikuichukua kamera ile kwa ajili yangu. Niliichukua kwa ajili ya mama mdogo, na inabidi nieleze.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anaishi Ujiji, nyumba ya tatu kutoka njia inayoshuka ziwani. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, ambaye kwangu ni mdogo wangu, kwa sababu kwetu mtoto wa mama mdogo haitwi kitu kingine. Alikuwa fundi wa injini za maboti. Miaka mitano iliyopita alipanda boti lililokuwa likipeleka saruji na abiria vijiji vya kusini, kwa kuwa injini yake ilikuwa ikizimika njiani na mwenye boti alitaka awepo wa kuiwasha. Boti lilipinduka. Watu walipatikana, wengine wazima, wengine maiti. Yeye hakupatikana. Tulingoja siku tisa, kisha tukamswalia swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo mbele ya watu. Mkewe alikuwa na mimba. Alikaa eda kwa mama mdogo mpaka alipojifungua mtoto wa kike, halafu akarudi kwao Kalinzi, juu kwenye kahawa.

Picha zake zilikwenda wapi? Swali hilo nililifuata kama ninavyofuata habari yoyote. Nyingi zilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni mwake. Kitambulisho kilikuwa hapohapo. Zile za karatasi, za shule na za harusi, mama mdogo alizitunza kwenye sanduku la bati, enzi hizo akiishi Kibirizi, hatua chache kutoka majini. Mwaka uliofuata ziwa lilipanda. Maji yaliingia nyumbani asubuhi, kimya, kama mgeni anayejua njia, na sanduku lilikaa ndani yake siku mbili. Tulipozianika, picha zilikuwa zimegandana. Tulipozibandua, nyuso zilibaki upande wa karatasi nyingine. Ile ya harusi ilibakiza suti, ua la kifuani, na mahali pa uso pakawa peupe.

Rafiki zake walipekua simu zao. Ilipatikana moja tu: ameinama kwenye injini, anaonekana mgongo na kisigino.

Mwaka huu mtoto wake alianza chekechea, na siku moja akarudi akauliza baba yake ana sura gani. Mama yake alipiga simu Ujiji kumweleza mama mdogo. Hakulalamika, alieleza tu. Mama mdogo aliniita kesho yake.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi namwona kila asubuhi. Nikisimama kwenye kioo kuchana nywele, yule pale, ananitazama. Nataka umpige picha huyo ninayemwona, apelekewe mwanawe."

Watu wote walisema siku zote kwamba mdogo wangu ni mama yake mtupu. Kwa hiyo nilielewa nilivyotaka kuelewa. Kwenye daftari niliandika: anataka kupigwa picha amevaa shati la marehemu, ili mtoto aone mfano wa baba yake. Maneno ya kioo sikuyaandika. Niliyachukulia kuwa ni huzuni inayosema.

"Nikupige kwa simu basi, sasa hivi," nikamwambia.

"Simu inanipaka poda. Juzi mtoto wa jirani alinipiga, nikatoka msichana kigoli. Tena picha ya simu inakaa kwenye simu. Na simu inakaa wapi?"

Sote wawili tulijua ile simu ilikokaa.

Ndipo nikarudi na kamera. Niliamua kutompiga mama mdogo mpaka niwe nimeielewa, kwa sababu mikanda ilikuwa mitatu na fundi alikuwa na dawa ya kusafishia inayotosha mikanda hiyohiyo. Mmoja ungekuwa wa kukosea, mmoja wa kusahihisha, na wa tatu wake.

Mkanda wa kwanza niliushusha mwaloni, pale Ujiji ambapo maboti huegeshwa. Ajabu ya kwanza ilikuwa ndani ya kioo. Kila kitu kilikwenda kinyume. Mwanamke aliyepita na beseni kutoka kushoto kwangu, kwenye kioo alitokea kulia. Boti liliondoka kuelekea kusini, nami nililiona kwenye kioo linakwenda kaskazini. Nilijaribu kumfuata mtu kwa kamera nikajikuta nageukia upande asipokuwepo. Fundi alikuwa amenionya kwamba ndani mna kioo kilicholala mshazari kinachogeuza kulia na kushoto, na kwamba baada ya siku mbili tatu kichwa huzoea. Kweli, kichwa kikazoea. Nikalisahau jambo lile.

Tuliusafisha mkanda ule kwa fundi, kwenye stoo yake, mchana, nyufa za mlango zimezibwa kwa khanga. Alipouinua kwenye mwanga aliguna.

Magonjwa yalikuwa matatu. La kwanza, ukanda mweupe ulikatiza kila picha kutoka pembeni, kama mtu aliyepita na tochi. La pili, watu niliowasogelea hawakuwa na vichwa. La tatu lilinikaa moyoni zaidi. Nilikuwa nimepiga picha mbili stesheni, kivulini, kwa mwendo wa polepole, ule unaoacha kamera wazi muda mrefu zaidi. Nguzo za jengo zilitoka safi, hata misumari ilionekana. Mchukuzi aliyekuwa akipita na gunia alikuwa moshi wenye miguu.

Nilimpelekea muuza dagaa mmoja picha yake, kwa kuwa nilimwahidi. Aliishika, akaitazama juu na chini.

"Umenichinja," akasema.

"Ni kamera, dada."

"Kamera ndiyo imeshika kisu?" Akawaonyesha wenzake. "Haya, njooni mtafute kichwa changu. Atakayekiona asiende nacho kwa mganga."

Nilishughulikia ugonjwa mmoja mmoja, nikiandika. Ukanda wa mwanga ulitoka kwenye mlango wa nyuma, ambako sponji nyeusi ya kuziba ilikuwa imeoza na kuwa kama lami. Niliikwangua kwa kijiti, nikaweka uzi mweusi wa kufumia ndani ya mfereji wake. Vichwa vilipotea kwa sababu jicho la juu liko juu zaidi ya jicho la chini. Kwa mbali haidhuru, lakini ukimsogelea mtu, la juu linamwona hadi utosini na la chini linaishia kwenye nyusi. Dawa yake ni kupima, kisha kuinua kamera vidole vinne kabla ya kubofya. Maana yake ni kwamba wakati picha inaandikwa, wewe unatazama kitu kingine.

Ugonjwa wa tatu niliupima kwa chombo ninachokijua. Nilichukua kinasa sauti changu cha kazini, nikakiweka kando ya kamera na kubofya kila mwendo mara tano. Kwenye kompyuta, mlio wa kufunguka na mlio wa kufunga huonekana kama vilima viwili, na nafasi katikati yake inapimika. Sekunde moja kugawa kwa sitini ilikuwa ya kweli. Chini ya hapo kamera ilikuwa ikidanganya. Niliyodhani ni nusu sekunde ilikuwa karibu sekunde mbili. Mashine ilikuwa ikisinzia ikiwa wazi, na aliyepita mbele yake wakati ule alibaki kidogo na kuondoka kidogo.

Mkanda wa pili ulitoka mzima. Watu wana vichwa, ukanda hakuna, moshi hakuna. Nikampigia mama mdogo.

Aliniambia nije Ijumaa baada ya swala. Nilipofika, mlango wa uani alikuwa ameufunga kwa komeo, jambo asilolifanya mchana. Alikuwa amepaka nywele piko, zote nyeusi tii, amezichana kuelekea nyuma. Shati lilikuwa la buluu, la mikono mirefu, lenye mfuko mmoja kifuani. Alilitoa kwenye mfuko wa nailoni mbele yangu na kulivaa, suruali ya marehemu akiwa ameshaivaa, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Alikuwa akifunga hicho cha juu?" nikauliza.

Akafikiri. Akakifungua.

Tulitundika shuka nyeupe kwenye kamba ya nguo, nikamketisha kwenye stuli. Mwanga wa saa kumi ulikuwa mzuri, unatoka pembeni, na mwendo wa sitini ulitosha. Niliweka kamera kwenye miguu mitatu, nikafungua kifuniko, nikainama.

Alikuwa yeye. Sisemi alifanana naye. Kwenye kile kioo kidogo aliketi mdogo wangu, mwenye shati lake, nyusi moja imepanda kuliko mwenzake, na chini ya nyusi hiyo, shavuni, kile kishimo ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa mpaka dakika ile. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nikichelewa kufika mahali.

Niliinua kichwa. Mama mdogo ameketi kwenye stuli, mama wa makamo mwenye piko na shati la kiume, anaonea haya mikono yake. Nikainama. Yeye. Nikainuka tena. Nyuma ya ukuta jirani alikuwa akitwanga, na mchi haukukosa pigo hata moja.

"Vipi?" akauliza mama mdogo.

"Narekebisha mwanga."

"Unamwona?"

Nimehoji watu wengi, najua swali linapokuwa na jibu moja tu.

"Namwona," nikasema.

Alifumba macho kidogo, akafumbua. "Basi mpige upesi."

Nilipiga zote kumi na mbili. Kila mara nilipoinua kamera vidole vinne, kichwa chake kilishuka kwenye kioo, na nikabofya nikitazama shuka tupu.

Jumatatu fundi alizisafisha na kuzikuza. Zilitoka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupiga. Macho makali, ngozi ina kila mstari wake, shati unaweza kuhesabu nyuzi. Nilizitazama moja baada ya nyingine zikining'inia kwenye kamba, na katika zote kumi na mbili alikuwepo mama mdogo amevaa shati la kiume.

Nilimpelekea hivyo hivyo. Alizipanga juu ya mkeka, akazipitia polepole, akarudia ya kwanza.

"Huyu ni mimi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yule yuko wapi?"

"Yule yupi?"

"Uliniambia unamwona."

Nilijaribu kumweleza. Nikasema labda ni kivuli, labda ni lile shati, labda moyo ulitaka. Nilisikia sauti yangu ikiwa ile ya mtu anayesoma taarifa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila hasira, na ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekasirika:

"Kwa hiyo mtoto nimpelekee bibi yake aliyevaa suruali."

"Suruali haionekani, mama."

"Haionekani, lakini ipo."

Nilirudi na picha zote, na kwa siku mbili nikatafuta kosa. Nilirudia kila kilichoandikwa daftarini: mwendo, mwanga, umbali. Hakukuwa na kosa. Jicho la juu lilimwona mtu, na jicho la chini halikumwandika. Nilipokuwa peke yangu chumbani kwangu Katubuka nilifungua kifuniko na kuinama, nikaona kiti changu tu na kalenda ya ukutani. Nikakifunga upesi. Mchana kweupe, na mimi ni mtu mzima.

Alhamisi mama mdogo alinipigia. Aliniambia nije na picha mojawapo, tena nisikae njiani. Nilimkuta chumbani mbele ya kioo chake, kile cha fremu ya mbao kilichookoka maji ya Kibirizi.

"Simama nyuma yangu," akasema. "Tazama."

Nikatazama juu ya bega lake. Ndani ya kioo, yule pale. Hana shati, ana khanga, ana piko iliyoanza kupauka, lakini ni yeye, nyusi na kishimo.

"Sasa lete picha."

Aliishika kifuani kwake, uso wake umeelekea kioo. Nikaitazama ile picha ndani ya kioo, na picha nayo ikawa yeye.

Nilichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilikaa kitandani bila kukaribishwa. Nyusi ya mama mdogo iliyopanda ni ya kushoto, na kishimo kiko kushoto. Vya mdogo wangu vilikuwa kulia. Alimzaa mtoto mwenye sura yake iliyogeuzwa. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa akimwona mdogo wangu kwa kumtazama mama yake usoni. Tulisema wanafanana tukapita. Aliyekuwa akimwona barabara ni mama mwenyewe, kwenye kioo, na mimi kwa dakika kumi kwenye kile kioo cha kamera kinachogeuza kulia na kushoto. Mkanda haugeuzi kitu. Mkanda uliandika kilichokuwepo kwenye stuli.

Alikuwa ameniambia neno kwa neno siku ya kwanza, kwamba anamtaka yule wa kwenye kioo. Mimi ndiye niliyeamua kwamba hilo siyo la kuandikwa.

"Inageuzika?" akauliza.

"Inageuzika, mama."

Fundi alipoisikia habari ile aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Miaka yote nimeogopa kosa hilo hilo," akasema. "Ukiweka negativu, yaani mkanda uliosafishwa, tumbo juu mgongo chini, picha inatoka kinyume. Bwana harusi mmoja alitaka kunipiga kwa sababu saa yake ilihamia mkono wa kulia. Nimefundisha vijana wanne, wote nimewafinya masikio kwa kosa hilo. Leo unakuja mtu mzima unaniomba nilifanye kwa makusudi."

"Naomba, fundi."

"Nitalifanya. Ila sikiliza. Uso utapona, shati litaugua. Mfuko utahamia kulia, vifungo vitakuwa vya kike. Nikukatie picha hapa shingoni?"

Nilimpigia mama mdogo papo hapo. Alisema mtu hapigwi picha bila shati kama maiti anayeoshwa. Shati likae.

Alipoipokea ile iliyogeuzwa aliifuta kwa pembe ya khanga ingawa ilikuwa kavu. Kisha akaifunga kwenye gazeti, akalifunga gazeti kwenye leso, akanipa.

"Wewe ndiye wa kupeleka," akasema. "Mimi nikienda, atatazama picha, atanitazama mimi, na itakuwa imeharibika. Mpe mkononi mkwe wangu. Usiseme neno. Akikuuliza, usimdanganye."

Nilipanda Kalinzi kwa pikipiki Jumamosi asubuhi. Kule juu ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba, na kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja kando ya nyumba. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua alinisalimu, "Mwakeye," nami nikamjibu kwa Kiha changu cha kuombea maji. Huyo alikuwa mama wa mkwe. Mkwe mwenyewe alitoka nyuma ya nyumba na mikono yenye maganda ya kahawa, akaifuta kwenye kitenge.

"Shemeji, umenenepa," akasema. "Redio inalipa."

"Ni vumbi la njiani."

Aliniletea kigoda, akaketi kwenye kizingiti. Nikampa leso. Aliifungua, akafungua gazeti, na mikono yake ikasimama.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Hakulia. Aliweka kidole kwenye nyusi.

"Alikuwa akiinyanyua hii akitaka kudanganya," akasema taratibu. "Nikiiona tu najua hakuwa alikosema alikuwa. Hata yeye hakujua nilikuwa najuaje."

Mama yake alisogea kutazama, akashika mdomo, akarudi kwenye kahawa yake. Sikusema neno, kama nilivyoagizwa. Mkwe aliendelea kutazama. Kidole kilishuka shavuni, kikashuka kwenye kola, kikafika kifuani na kubaki pale.

"Shati hili nililinunua mimi, sokoni Mwanga," akasema. "Mfuko wake ulikuwa upande wa moyo."

"Ndiyo."

"Hapa uko huku."

"Ndiyo."

"Shemeji, picha hii ilipigwa lini?"

"Wiki iliyopita."

Aliilaza mapajani. Alitazama vichanja vya kahawa, kisha njia niliyopandia, kana kwamba kuna mwingine aliyekuja nami akabaki chini.

"Ni mama," akasema.

"Ni mama. Niliigeuza."

"Nilijua kwa macho kabla ya mfuko. Macho haya yanangoja. Yake hayakuwahi kungoja mtu." Akainyanyua tena picha. "Lakini kilichobaki chote ni chake. Nyie mmekifukua wapi?"

Nilimweleza habari ya kioo na negativu. Alisikiliza kwa makini, akaniuliza upande gani ni upi, akajaribu kwa kidole hewani. Nilifikiri atanirudishia. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakachomwambia mama mdogo jioni ile: kwamba haikufaa, kwamba mkwe aligundua, kwamba mtoto abaki na mgongo na kisigino.

Badala yake aliita ndani. Mtoto alitoka na kipande cha muhogo, akasimama kunitazama, akakumbuka adabu yake na kunisalimu. Mama yake alimpokonya muhogo, akamfuta vidole kimoja kimoja kwa kitenge.

"Njoo uone," akasema.

"Nani?"

"Sura ya baba yako."

Niliyasikia maneno aliyoyachagua. Alisema sura. Mtoto hakuona tofauti, na sidhani kama yalikusudiwa yeye.

Aliishika picha kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua. Aliitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja kukaa. Sisi watatu tuliacha tulichokuwa tukifanya, hata bibi aliacha kuchambua.

"Shikamoo," mtoto akaiambia.

Akangoja. Amefundishwa kungoja, kwa maana salamu isiyoitikiwa siyo salamu. Alingoja mpaka mimi nikashindwa kumtazama.

"Marahaba," mama yake akaitikia, kwa sauti ndogo.

Mtoto akageuka. "Umeitikia wewe."

"Nimemsaidia. Yuko mbali."

Mtoto alilifikiria hilo. Akaisogeza picha karibu na uso wake, akavuta pumzi, na akarudia kwa nguvu, kama anavyoitwa mtu aliye ng'ambo ya bonde. Ng'ambo kule ukungu ulikuwa haujapanda. Safari hii mama yake hakuitikia, na wala hakumwambia aache. Nilikaa kwenye kigoda changu, mimi niliyeipima ile kamera mpaka mlio wake wa mwisho, nami nikangoja pamoja nao.